Tope Mdomoni

Ubao ulikuwa umeoshwa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Aliugeuza mara ya tatu mbele ya kibanda cha mlinzi, akachuchumaa, akapitisha ukucha kwenye matundu ya misumari. Hola. Ubao wa hatua tano, umepigiliwa vipande vya tairi ili mtu asiteleze, kazi yake ni kulazwa juu ya tope alfajiri, na bado ni msafi kuliko meza yake ya ofisini.

"Nani kauosha?"

"Si mimi, afande," alisema mlinzi. "Mimi hata sahani yangu naoshewa."

Koplo akacheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumatatu, na viatu vyake, alivyovinunua mwezi huo huo kwa kujinyima, vilikuwa vimekwisha kazi.

Mlinzi huyo watu walimwita Filimbi, kwa ajili ya filimbi aliyoivaa shingoni na ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Alilinda ukuta wa udongo uliozuia bahari isiingie kwenye mabwawa ya chumvi. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mfereji wa tope laini, upana wake hatua nne tu, na ng'ambo ya mfereji fungu la mchanga mgumu. Maji yakipwa, fungu lile lilijaa vitwitwi, ndege wadogo wa kijivu wasiofika hata uzito wa yai, wanaokuja kila mwaka kutoka huko kwenye barafu na kurudi. Mwalimu mstaafu wa jiografia alikuwa akivuka kwenda kuwahesabu na kuwapiga picha. Jumatatu jioni, maji yalipotoka, alikutwa mferejini, kazama mpaka mapajani, mdomo umejaa tope.

Mkubwa wa kituo alikwishaamua. Mtu aliyeyajua maji yale miaka kumi na tano hayawezi kumpitia. Mke alimfia mwaka juzi. Kamera kaifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, kaiacha juu ya stendi yake kwenye fungu, kisha kaingia mferejini kwa miguu yake. Kajitosa, andika, tufunge. Jalada alilitaka mezani leo Ijumaa, saa tisa alasiri.

Tatizo lilikuwa binti. Binti wa Mwalimu, fundi cherehani, mtoto wake wa pekee, alikuwa akikaa kwenye benchi la kituo tangu Jumanne na mkoba wake mapajani, na kila Inspekta akipita alimuuliza swali lile lile, tena kwa adabu: "Samahani, afande. Nataka kujua tu kama baba alitaka kufa." Hakutaka mtu akamatwe. Hakupiga kelele. Inspekta angeona afadhali atukanwe.

"Mzee Filimbi, ubao huu hukaa wapi?"

"Hapo hapo. Unaegemezwa, uso kwenye ukuta wa kibanda."

"Na Jumatatu ubao ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Uliuona saa ngapi?"

Filimbi akaishika filimbi yake. "Asubuhi."

"Asubuhi ina saa nyingi, mzee wangu."

"Afande, ukiniandika nitafukuzwa kazi."

"Nisipokuandika nitakuweka ndani. Saa ngapi?"

"Saa nne," alisema Filimbi, akainamisha kichwa. "Natakiwa niwe hapa saa mbili. Nilikuwa na jino. Mfamasia mwenyewe, yule rafiki wa Mwalimu, ndiye aliyeniambia hizi dawa za kutuliza hazitanifikisha popote, nenda ukang'oe." Akapanua mdomo. Koplo akainama kuchungulia pengo, akatikisa kichwa kwa huruma, maana na yeye lake lilikuwa linamsumbua.

"Saa nne ukaukuta ubao."

"Umeegemezwa, bado mbichi, chini pametota. Nikasema, basi, wamekwisharudi."

"Wamerudi nani?"

"Si wao! Mwalimu na Mfamasia. Ubao wao wawili. Wakirudi wanauosha kwa ndoo hiyo, wanauegemeza, wanachukua simu zao kwenye kopo la biskuti, wanakwenda zao. Simu hawavuki nazo, zikilia ndege wanaruka. Ndivyo miaka yote, afande. Ubao ukiwepo, watu wamerudi."

"Simu koponi uliangalia?"

"Sikuangalia. Ubao ulikuwepo."

"Na ng'ambo ya ukuta?"

Machozi yalikuwa yameshaanza kumlengalenga Filimbi. "Ubao ulikuwepo, afande," alisema tena, polepole.

Inspekta alitoa mkobani ratiba ya maji kupwa na kujaa, akaifuata kwa kidole. Jumatatu saa nne maji ya mferejini yalikuwa hayajamfika kidevuni mtu aliyezama mapajani. Kutoka kibandani mpaka ukutani ni hatua mia. Alikunja ratiba akairudisha mkobani. Hakumwambia mzee wa watu.

"Afande," alisema Koplo walipokuwa wakirudi garini, "mtu aliyenasa kwenye tope hawezi kurudi nchi kavu kuosha ubao."

"Asante, Koplo. Ndiyo maana sikuachi ustaafu."

"Bado miezi minne."

"Basi tumia hiyo minne kufikiri. Kama Mwalimu alivuka kwa ubao, ubao ulirudije?"

Koplo alifikiri mpaka wakafika barabarani. Mfamasia alikwishatoa maelezo Jumanne: Jumatatu hakwenda, mgongo ulimbana, alifungua duka saa tatu kama kawaida. Wateja wanane walithibitisha hiyo saa tatu. Kabla ya saa tatu hakuna aliyeulizwa.

*

Fundi wa studio alikuwa ameihifadhi kadi ya kamera siku tatu ndani ya mchele mkavu, na sasa alikuwa akijisifu kama daktari aliyefufua mtu. Inspekta alimpitia binti kituoni, akaja naye. Koplo alinong'ona kwamba si taratibu kumwonyesha mfiwa vitu vile.

"Wewe unajua kitwitwi?" Inspekta alimuuliza.

"Sijui, afande."

"Mimi pia sijui. Hebu msogezee kiti."

Kioo kikawaka. Picha zilikuwa zaidi ya mia mbili, kila moja na saa yake pembeni. Binti alizisoma kwa sauti ya chini, kidole hewani, kama anavyopima kitambaa. Hawa ni hawa, wale ni wale, huyu bado mtoto wa mwaka huu, tazama mgongo wake. Alifundishwa na baba yake tangu ana miaka sita. Kisha, kwenye picha ya saa moja na dakika tano, alishika ukingo wa meza.

"Mdomo-kijiko! Kumbe karudi!"

Ndege alikuwa na pete ya kijani mguuni, aliyovalishwa na watafiti, na mdomo wake mweusi uliishia na kijibapa kipana, mfano wa kijiko cha chai. Hata Inspekta alimfahamu huyo. Picha ya mwenziwe, aliyoipiga Mwalimu mwaka jana, ilitoka magazetini: ndege aliyebaki mia chache duniani kote, na kumbe anakula kwenye fungu letu. Kwa picha ile moja ofisi ya mazingira ilisimamisha mpango wa kumwaga kifusi pale na kujenga yadi ya makontena.

"Ya pili," alisema Inspekta.

Kwenye ya pili ndege alikuwa ametumbukiza mdomo kwenye kidimbwi. Kwenye ya tatu alikuwa ameutoa. Pete ile ile ya kijani. Mdomo mwembamba, umenyooka, hauna kijiko wala mwiko.

Fundi wa studio alitaka kueleza habari za mwanga, Koplo akamfinya.

"Ni tope," alisema binti. "Lilimgandia mdomoni, akalisuuza. Ni kitwitwi wa kawaida tu huyu. Na yule wa mwaka jana pia. Tulikuwa na picha moja tu ya yule. Loo, baba yangu! Alikosea."

"Angelijua hapo hapo?"

"Papo hapo. Na angeandika barua siku ile ile kuwaambia. Afande, baba aliwahi kumtafuta mwanafunzi wake miaka sita baada ya mtihani, mtu ana mke na watoto, ili amrudishie alama mbili alizomnyima kwa makosa."

Picha ziliendelea. Saa moja na dakika ishirini na moja kundi zima lilikuwa hewani, limeelekea baharini.

"Kimewarusha nini?" aliuliza Inspekta. "Baba yako?"

"Baba hawamwogopi. Anasimama kimya mpaka wanakuja miguuni. Hawa wamerushwa na mtu anayetembea, na wamekimbilia baharini, kwa hiyo mtu yuko upande wa ukuta. Anavuka. Anarudi nchi kavu."

"Mnapotoka kule, ubao huoshwa na nani?"

"Baba Mdogo. Mfamasia, namwita Baba Mdogo. Baba hubeba stendi, yeye hubeba na kuosha ubao, hata..." Akageuka kumtazama Inspekta. "Lakini Jumatatu alikuwa mgonjwa. Mgongo. Alisema mgongo."

Inspekta hakusema ndiyo wala hapana. Jumatano, makaburini, alisimama nyuma ya watu akamwona Mfamasia amemshika binti huyu mabegani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alijua sasa anamnyang'anya nini, na ilimuuma kwelikweli.

"Tumalize," binti mwenyewe alisema.

Baada ya ndege kuruka zilifuata picha za saa mbili nzima. Ndege walirudi, wakasogea, wakala, wakalala kwa mguu mmoja. Maji yalipokuwa yakipanda yaliwasukuma karibu na karibu zaidi. Kila picha imetulia. Mkono wa mpigaji haukutetemeka hata mara moja. Lakini tatu za mwisho, saa tatu na nusu, hazikuwa na ndege. Ulikuwa ukuta wa udongo. Ukuta mtupu, umevutwa karibu kwa lenzi ndefu. Kushoto, katikati, kulia.

"Kapiga ukuta wa nini?" Koplo aliuliza.

"Macho yake yalikwisha kuchoka," alisema binti. "Vitu vya mbali aliviona kwa kamera."

Inspekta akavuta kiti, akakaa naye uso kwa uso. "Sikiliza, mwanangu. Umeniuliza siku nne, nakujibu leo. Baba yako hakutaka kufa. Alikuwa anatazama njia. Alisubiri mpaka fungu likaanza kuliwa na maji, akaifunga kamera ili hizi picha zifike, ndipo akajaribu kuvuka. Umenisikia?"

Binti aliitikia kwa kichwa. Alilia sasa, kwa mara ya kwanza mbele yao, kwa sauti, na fundi wa studio akatoka nje kwa kisingizio cha sigara.

"Koplo, mrudishe nyumbani," alisema Inspekta. "Mimi napita dukani."

*

Duka la dawa lilikuwa tupu. Mfamasia, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, alikuwa akipanga chupa za dawa ya kikohozi, lebo zote zikitazama mbele. Juu ya kichwa chake ilining'inia ile picha ya mwaka jana, kwenye fremu.

"Mgongo unaendeleaje?" aliuliza Inspekta.

"Nafuu, Inspekta. Karibu."

"Ubao ule una uzito gani?"

Chupa moja ikatoka mstarini. Aliirudisha. "Unabebeka."

"Na mtu mwenye mgongo?"

Inspekta alitoa picha mbili alizochapishiwa studio, akaziweka kwenye kaunta ya kioo: ndege mwenye kijiko, ndege asiye na kijiko. Mfamasia hakuhitaji kuinama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akasahau kuivaa.

"Alinicheka," alisema. "Nataka ulijue hilo kwanza. Si kwa ubaya. Alipoona lile tope linatoka, alicheka mpaka akashika magoti. Akasema, tumekuwa wajinga wa kutupwa, rafiki yangu, leo leo naandika barua. Nikamwambia usiandike. Wakimwaga kifusi hawa wote watakwenda wapi? Akasema, basi tulitetee fungu kwa hawa tulio nao."

"Ukachukua ubao."

"Nilivuka, nikauvuta. Nikamwambia kaa hapo ufikiri mpaka akili ikurudie. Maji yalikuwa mbali. Mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Akaniambia, 'Nenda zako, utarudi.' Akageukia ndege wake."

"Ukauosha."

Alimtazama Inspekta kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. "Ndiyo... mikono ilifanya tu. Ndoo ilikuwepo. Miaka kumi na tano naosha ule ubao."

"Mlinzi aliukuta, akaona mmerudi. Hakwenda hata ukutani kuangalia."

"Hapana!" alisema Mfamasia. "Filimbi hufika saa mbili. Nilijua atamsikia akiita, atampelekea ubao. Nilisema moyoni, acha aokolewe na Filimbi, aone aibu kidogo, jioni nitamwendea nimwombe radhi. Nikaja kufungua duka."

"Filimbi alifika saa nne. Alikuwa anang'olewa jino." Inspekta aliegemea kaunta. "Nani alimwambia akang'oe?"

Hili ndilo alilolishika tangu asubuhi. Alikuja nalo akiwa na hakika: mtu kamwondoa mlinzi kwanza, kisha kamwondolea rafiki yake ubao. Hiyo ingekuwa kesi ya kukusudia, nyepesi kuandika. Lakini alimwona Mfamasia anahesabu nyuma kwa midomo, Jumatatu, Jumapili, Jumamosi, kisha akakaa juu ya katoni la bandeji.

"Jumamosi," alisema. "Alikuja hapa kashika shavu. Nikamwambia nenda Jumatatu, mapema, kabla ya foleni. Mimi. Kwa mdomo wangu. Nikasahau kabisa, wallahi. Hapa huwa nawaambia watu mambo kutwa nzima."

Inspekta alimwamini, na kumwamini kulimchosha zaidi. "Ulijua lini?"

"Saa saba nilifunga duka nikaenda. Maji yamejaa. Niliona stendi tu, na ule mfuko juu yake."

"Hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Yule mtoto? Nimemfundisha kuendesha baiskeli yule. Nilishindwa, Inspekta. Kila siku nasema kesho nitamwambia."

Inspekta aliandika. Alimsomea, akampa kalamu, naye akatia sahihi yake ya haraka haraka, ile ile ya kwenye vyeti vya dawa. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Jalada lingewahi, ingawa si lile alilolitaka mkubwa.

"Naomba nizione," alisema Mfamasia. "Zile za baadaye. Alizopiga baada yangu."

Hakustahili, lakini Inspekta alimpa bahasha yenye nakala zilizobaki. Alizipitia moja moja, miwani sasa machoni, na midomo ikaanza kwenda yenyewe: arobaini, arobaini na mbili, huyu ni mtoto. Alipofika kwenye ukuta aliacha kuhesabu. Aliutazama ule ukuta mtupu muda mrefu, kushoto, katikati, kulia.

Pazia la shanga la mlangoni likalia. Alikuwa binti. Nyuma yake Koplo alihema, kofia mkononi, akimwashiria Inspekta kwamba kajaribu kumzuia kashindwa. Macho ya binti yalikuwa yamevimba. Tangu anajifunza kusema, hakuwahi kuingia kwenye duka lile, wala nyumba ya mtu yule, pasipo kutanguliza shikamoo.

Alisimama mbele ya kaunta, akamtazama.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mfamasia.

Kisha akasikia kwamba hakuamkiwa. Binti alinyoosha mkono juu ya kioo, akazikusanya picha za baba yake kutoka vidoleni mwake, moja moja, akazitia mkobani, akatoka.